Mtoto Hujifunza Kusema kwa Kujibiwa

Wazazi wengi husubiri mtoto atamke neno la kwanza ndipo waanze kuzungumza naye. Kabla ya hapo wanamwogesha, wanamnyonyesha na kumlaza kimya kimya, wakiamini kwamba bado haelewi kitu. Mwaka huo wa kwanza unaopita kimya ndio ambao sikio lake linafanya kazi kubwa.

Kazi hiyo huanza tumboni. Mwaka 1980, watafiti Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani waliwapa watoto wenye umri usiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake, akibadili mwendo alisikia mwanamke mwingine. Watoto walirekebisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Sauti ile waliijua tangu kabla ya kuzaliwa.

Hatua inayofuata ni kuchuja sauti za lugha. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa Kanada wanaolelewa kwa Kiingereza, wakiwa na miezi sita hadi minane, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi walikuwa wamepoteza uwezo huo. Masikio yao yalikuwa yamejifunga kwenye lugha ya nyumbani. Kwa njia hiyohiyo, mtoto anayesikia “ng’ombe” na “ngoma” kila siku huihifadhi tofauti iliyomo, hata kama ulimi wake utachukua muda mrefu kuitamka.

Je, kusikia tu kunatosha? Mwaka 2003, Michael Goldstein na wenzake waliwaita akina mama wenye watoto wa takriban miezi minane. Kundi moja liliombwa litabasamu, lisogee na kumgusa mtoto mara tu anapotoa sauti. Kundi la pili lilifanya mambo yaleyale kwa kiasi kilekile, ila bila kufuata sauti za mtoto. Baada ya muda mfupi, watoto wa kundi la kwanza walianza kubwabwaja kwa silabi zilizokomaa zaidi. Wale wengine hawakubadilika hivyo. Kumbe kilicholeta tofauti ni jibu kufika kwa wakati wake.

Mwaka huohuo Patricia Kuhl, huko Seattle, aliwapa watoto wa miezi tisa vipindi kumi na viwili vya Kichina. Waliocheza na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama mtu yuleyule kwenye video hawakujifunza. Video haimtazami mtoto machoni, wala haimsubiri amalize. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini. Simu anayopewa ili atulie inamnyima mazungumzo ambayo angeyapata katika muda huohuo.

Maneno yanapoanza kutoka, jibu la mama hupata kazi mpya. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanne wanaojifunza Kiswahili jijini Nairobi, aliona kwamba katika hatua za mwanzo huacha viambishi vya kitenzi, vya nafsi na vya wakati. Mtoto akisema “taka maji” na mama akajibu, “Unataka maji? Haya, nakuletea maji,” amempa vipande vilivyokosekana wakati maana bado i moto kichwani mwake. Mama hana haja ya kumkemea wala kumrudisha nyuma aseme upya.

Sisemi haya ili kumtwika mama lawama. Robert LeVine na wenzake, walioishi na Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1970, waliona akina mama waliombeba mtoto na kumtuliza upesi, lakini hawakumsemesha sana kama wenzao wa Boston, Marekani. Watoto hao nao walijifunza lugha yao, wakiwa katikati ya kaka, dada na watu wazima wanaoongea mchana kutwa. Lakini desturi inaweza kuongezewa kitu. Katika vijiji vya Wawolofu nchini Senegal, shirika la Tostan lilizungumza na walezi kuhusu kuongea na watoto wachanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba walezi hao waliongeza mazungumzo, na mwaka mmoja baadaye watoto wao walikuwa na msamiati mpana zaidi.

Leo mama wa mjini anatoka alfajiri na kurudi usiku, na mtoto anabaki na dada wa kazi au bibi. Basi hao nao waambiwe haya. Wamsemeshe mtoto wanapomvisha, wamtajie anachokitazama, kisha wanyamaze kidogo wamsubiri. Akitoa sauti, wamjibu. Watumie lugha wanayoimudu, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kigiriama, kwa sababu mtoto hufaidika zaidi na lugha iliyojaa maneno kuliko Kiingereza cha kuokoteza.

Na mtoto asiyebwabwaja akifika mwaka mmoja, au asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, apelekwe kliniki apimwe masikio. Msikubali kuambiwa msubiri tu kwa sababu eti fulani naye alichelewa kusema. Tatizo la kusikia likigunduliwa mapema, mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kupata lugha.