Fumbo Likisha Kukamilika, Tulitunze Vipi?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba fumbo bila matunzo huisha kipande kwa kipande, na siku utakayotaka kulionyesha kwa wageni utakuta Mombasa haipo!

Msomaji mpenzi, usidhani nazungumzia mafumbo ya fasihi tunayotegeana chamani. La. Nazungumzia fumbo la picha, yaani picha iliyokatwakatwa vipande ambavyo mchezaji huvipanga hadi picha ikarudi kama ilivyokuwa. Mchezo huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1760, mchora ramani mmoja wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, kisha akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi. Nia yake ilikuwa kuwafundisha watoto jiografia. Kwa hivyo fumbo la picha lilizaliwa likiwa somo kabla ya kuwa mchezo.

Chama chetu hapa Dadaab kina fumbo la namna hiyo hiyo. Ni ramani ya Kenya yenye vipande 47, kila kaunti kipande chake. Tuliitengeneza kwa katoni za mafuta ya kula, tukazibandika mbili mbili ili ziwe nene, tukachora, tukapaka rangi, kisha tukakata kwa wembe. Lakini kubwa zaidi liko upande wa nyuma. Kila mwanachama alichagua kaunti moja akaandika jina lake mgongoni mwa kipande, kwa penseli. Wako waliozaliwa hapa Garissa, na wako ambao wazazi wao walitoka Somalia, Ethiopia, Sudan Kusini au Kongo. Tangu siku ile wengine wamehamishiwa ng'ambo, wengine wamerudi makwao, na wengine tungali nao darasani. Waliokwenda zao hawakuacha picha wala anwani. Waliacha jina nyuma ya kaunti. Ndiyo maana swali la kulitunza fumbo hili si mchezo kwetu.

Ramani ina shida yake. Mafumbo ya dukani yana vipande vyenye vichwa na matundu, kimoja humshika mwenzake. Mipaka ya kaunti haishikani hivyo. Ukiinua ubao kidogo tu, Turkana inateleza hadi Nakuru. Tena vipande havilingani: Garissa huwezi kuipoteza, ila Mombasa, Vihiga na Nairobi ni vidogo mno, upepo wa kiangazi ukiingia dirishani unavipeperusha.

Basi ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kulibomoa na kuhifadhi vipande. Weka kila kundi katika bahasha yake: kaunti za Pwani, za Kaskazini Mashariki, na kadhalika. Andika juu ya bahasha idadi ya vipande, na uvihesabu kila mchezo unapokwisha, sio kesho yake. Njia hii ni rahisi, lakini inategemea uaminifu wa kila mkono unaofungua bahasha.

Ya pili ni kuliacha limepangwa bila gundi. Chukua ubao bapa, zungushia ukingo wa mbao nyembamba, panga fumbo ndani, kisha funika kwa katoni ngumu na ufunge kwa kamba. Hapo vipande havina pa kukimbilia.

Ya tatu ni gundi, na hapa ndipo chama kiligawanyika. Wengi walitaka tulibandike fumbo zima juu ya ubao, liangikwe ukutani. Hebu fikiri: ukipaka gundi nyuma, yale majina 47 yanazikwa! Wengine wakasema tusipake kabisa, maana fumbo lililogandishwa halichezeki tena. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina haki, na dawa ipo.

Kwanza, kabla ya gundi, nakili ramani juu ya karatasi nyingine na utengeneze fumbo la pili. Hilo ndilo la kuchezea. Lile la majina ndilo la kutunza.

Pili, tandika kipande safi cha turubai la nailoni mezani, upange fumbo juu yake, uso ukitazama juu. Gundi haishiki sana kwenye nailoni. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kwani vumbi letu jekundu likinaswa ndani ya gundi halitoki tena.

Tatu, tumia gundi nyeupe ya seremala, iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Usitumie uji wa unga, maana huo ni karamu ya mende na mchwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha katoni kisicho na kazi: rangi ya penseli hustahimili maji, ile ya kalamu za wino huchuruzika. Paka usoni tu, tabaka jembamba, ukisambaza kwa kadi ngumu ili gundi iingie kwenye mianya. Ikikauka, paka tena.

Nne, gundi ya upande mmoja huvuta katoni ikajikunja. Kwa hivyo, ikisha kukauka kabisa, funika kwa nailoni, weka ubao juu na vitabu vizito, uache siku mbili. Kisha libandue. Utapata ramani moja nzima, na ukiigeuza, majina yote yanasomeka.

Sasa mahali pa kuweka. Lilazwe bapa ndani ya kabati, si juu yake, kwa sababu joto la mabati hulegeza gundi na kufifisha rangi. Lisiguse ukuta wala sakafu, huko ndiko mchwa hupanda. Miguu ya kabati itiwe ndani ya mikebe yenye oili chafu. Lifunikwe kwa shuka safi pamoja na majani makavu ya mwarobaini, ambayo wadudu hawayapendi. Lisifungwe ndani ya nailoni, kwani mvua za Aprili zikija unyevu hukosa pa kutokea na katoni huota ukungu. Kila muhula lifunuliwe na kukaguliwa.

Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba chama kichague watu wawili wa kushika daftari la fumbo: kipande, kaunti, jina, na mwaka mwenye jina alipoondoka. Siku moja mmoja wao atarudi kututembelea, au ataandika barua akiuliza kama bado tunamkumbuka. Tutageuza ramani, tumjibu yuko kaunti gani.