AFANDE AKIINGIA UKUMBINI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sisi vijana ni kutoijua sheria.

Jumamosi moja mwaka jana tulikuwa katika ukumbi wa vijana hapa Skuta tukicheza drafti. Mara wakaingia wanaume watatu wakisema ati wanatafuta wageni wasio na vibali. Sisi wengine hatukuulizwa kitu. Rafiki yangu, ambaye ni Msomali aliyezaliwa papa hapa Nyeri, akaambiwa, "Leta kitambulisho!" Ana miaka 16 kama mimi. Akachukuliwa. Aliachiliwa jioni, mamake alipoleta cheti cha kuzaliwa. Nasi tulikuwa tumenyamaza kama tuliomwagiwa maji. Niliona haya sana.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu wa Historia nakala ya Katiba ya 2010. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kitambulisho hutolewa kwa mtu aliyefikisha miaka 18. Wa miaka 16 atakitoa wapi? Hata hivyo, ni vizuri nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe karibu.

Pili, Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Anaweza kunyamaza, na anaweza kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia. Lazima afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia wikendi, basi ni siku ya korti inayofuata.

Tatu, Kifungu cha 53 kinasema mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana. Tena asichanganywe na watu wazima.

Nne, Kifungu cha 49 kinataja "mtu", si "raia". Kwa hivyo hata mgeni na mkimbizi wamo.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa stakabadhi. Wakenya pia walikuwemo. Na wazee wetu je? Wakati wa mkoloni, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, wakakining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwenye kukikosa alishikwa. Sisi wajukuu wao tusisahau uchungu huo.

Msomaji, sikuambii upigane na askari. Usikimbie, usimsukume, usidanganye. Uliza kwa adabu jina lake na kituo anachompeleka mwenzako, uandike, kisha umwite mzazi upesi.

Mimi nimejifunza. Wakirudi, sitanyamaza tena. Nitasimama niseme, "Samahani afande, huyu anashikwa kwa kosa gani?"

Hapo naituliza kalamu yangu.