Mafumbo ya Hesabu: Kiswahili cha Nyumbani Kina Kazi

Wazazi wenzangu, hapa Afrika Kusini mtoto akiingia darasa la 10 huchagua njia. Wengi huchagua kati ya Hisabati kamili na hesabu za matumizi ya kila siku. Njia ya pili si aibu, lakini haimfikishi kwenye udaktari wala uhandisi pale Wits. Kwa hiyo darasa la 8 na la 9 ndiyo miaka ya kufungua daftari lake.

Watoto wetu ninaowasaidia Johannesburg wanajua kukokotoa. Wanakwama kwenye maneno. Swali la Kiingereza huweza kutaja 5 kwanza, kisha likasema ni pungufu ya mara mbili ya umri wa Asha. Mtoto anafuata mpangilio wa maneno, anaandika 5 − 2x. Mwambie alisome kwa Kiswahili: “Mara mbili ya umri wa Asha, kasoro 5.” Sasa anaandika 2x − 5 bila kubabaika. Kama hiyo ni sawa na umri wa mjomba, miaka 29, basi 2x − 5 = 29. Ongeza 5 pande zote: 2x = 34. Gawa kwa 2: x = 17.

Mfano wa kazini kwangu: dripu ina mililita 1,000, zinaingia 125 kila saa, zimebaki 375. Imekwenda kwa saa ngapi?

Kwanza, kisichojulikana kipe jina: x ni idadi ya saa. Pili, simulia kilichotokea: kilichokuwepo, toa kilichoingia, ndicho kilichobaki. Tatu, andika: 1,000 − 125x = 375. Hapo 125x = 625, na x = 5.

Nne, rudi kwenye habari yenyewe. Saa 5 mara 125 ni 625. Ukitoa kwenye 1,000 zinabaki 375. Wodini hatuachi hatua hii, maana mgonjwa halipwi kwa alama za njia.

Mzazi uliyesoma shule ya msingi Tanzania, MAGAZIJUTO yako haijapitwa na wakati. Huhitaji Kiingereza cha mwalimu. Leo jioni mwambie mwanao akusimulie swali moja kwa Kiswahili kabla hajashika kalamu. Akishindwa kulisimulia, umeshajua anapokwama.