Je, Kidole Chaweza Kupima Damu?

Himoglobini ndiyo ibebayo oksijeni katika damu. Siku hizi kuna kifaa kinachobana kidole tu, kikapitisha mwanga na kuikadiria bila sindano. Ajabu, sivyo? Lakini kifaa hicho hutegemea mpigo wa damu kidoleni. Katika upasuaji wa moyo, mara nyingi moyo husimamishwa na pampu husukuma damu mfululizo, bila mpigo wa kawaida. Mwili nao hupozwa, mishipa ya vidole ikajibana. Hapo kifaa hubabaika.

Ikiwa madaktari humwongezea mgonjwa damu himoglobini ishukapo chini ya gramu 7.5 kwa desilita, kosa la gramu 1 si mchezo: ama damu adimu itatumika bure, ama mwenye kuihitaji ataikosa. Kwa hivyo nasema, mwanga usaidie, lakini sampuli ya damu ndiyo iamue.