Ulipokuwa na miaka 14, mzazi wako alifanya kazi gani?

Swali hilo hutumika Uingereza kupima tabaka la mtu. Jibu lake humfuata mtoto hadi ofisini, na wakati mwingine humtenga na waliomzaa.

Mtu wa miaka 40 anaajiriwa katika kampuni kubwa jijini London. Ana shahada mbili, ana nyumba, ana watoto. Siku za mwanzo kazini anapewa fomu ya takwimu za wafanyakazi. Inauliza umri, jinsia, dini, na kama ana ulemavu. Halafu linakuja swali ambalo kwa mgeni ni la ajabu: ulipokuwa na miaka 14 hivi, yule aliyekuwa tegemeo la kipato nyumbani kwenu alikuwa akifanya kazi gani?

Si umbea. Swali hilo limependekezwa kwa waajiri na tume ya serikali inayofuatilia kama watoto wa familia za kipato cha chini wanapata nafasi ya kupanda ngazi. Akijibu kwamba mzazi alikuwa daktari, mwalimu au mhasibu, anahesabiwa kuwa ametoka juu kidogo. Akijibu dereva wa lori, msafishaji au mhudumu wa mgahawa, anahesabiwa kuwa ametoka tabaka la wafanyakazi, hata kama leo mshahara wake ni mara tano ya ule wa baba yake.

Baadhi ya kampuni huyatumia majibu hayo kujiwekea malengo. Mwaka 2021, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya KPMG nchini humo ilitangaza kwamba ifikapo 2030 inataka asilimia 29 ya wabia na wakurugenzi wake wawe watu waliotoka familia za tabaka la wafanyakazi.

Kwa mzazi, fomu hiyo ina ujumbe mzito. Inakiri kwamba mtoto hafiki kwenye ajira peke yake. Anafika na nyumba aliyolelewa.

Si pesa peke yake

Wengi huku kwetu tukisikia tabaka tunafikiria pesa: aliye nazo na asiye nazo. Uingereza pesa ni sehemu tu ya hesabu. Fundi bomba mwenye gari lake na vijana wawili wa kumsaidia anaweza kumzidi kipato mwalimu aliyeanza kazi juzi. Hata hivyo majirani watamwona mwalimu kuwa mtu wa tabaka la kati, na fundi kuwa mtu wa tabaka la wafanyakazi.

Mwaka 2013, shirika la utangazaji la BBC lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa pamoja na wanasosholojia, akiwamo Profesa Mike Savage. Zaidi ya watu 161,000 walijibu maswali. Walioandaa utafiti hawakuangalia mshahara, akiba na nyumba tu. Waliuliza pia mtu anajuana na nani: ana rafiki wakili, mkulima, mfanyakazi wa usafi? Wakauliza anapenda nini: anakwenda kwenye maonyesho ya sanaa, anasikiliza muziki gani, anafanya nini wakati wa mapumziko?

Mwishowe wakapata matabaka saba badala ya matatu yaliyozoeleka. Juu kabisa walikuwa asilimia 6 ya watu, wenye pesa, watu wa kujuana nao na malezi ya kisomi. Chini kabisa walikuwa asilimia 15, watu wasio na uhakika wa kesho. Katikati palikuwa na makundi matano yaliyochanganyika, wakiwamo vijana wenye kipato kidogo lakini wenye marafiki wengi na shughuli nyingi za burudani.

Mambo mawili kati ya hayo matatu, yaani watu unaojuana nao na mambo unayoyapenda, huanza kujengwa nyumbani. Hayaandikwi kwenye wosia, lakini hurithiwa.

Chakula cha jioni kinaitwaje?

Njia moja ya haraka ya kuona tabaka la Mwingereza ni kumsikiliza. Lafudhi huonyesha alikotoka, na mara nyingi huonyesha pia shule aliyosoma. Hata jina la mlo linaweza kumtaja. Katika familia nyingi za wafanyakazi, hasa kaskazini mwa England, mlo wa mchana ni "dinner" na wa jioni ni "tea". Watu wa tabaka la kati wataita mlo wa mchana "lunch" na wa jioni "dinner" au "supper". Mtoto aliyealikwa kwa rafiki kunywa "tea" anaweza kukuta chai na keki, au sahani ya viazi na soseji, kutegemea nyumba.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1954 mtaalamu wa lugha Alan Ross aliandika kuhusu maneno yanayotenganisha watu wa tabaka la juu na wengine, na mwandishi Nancy Mitford akayafanya mazungumzo ya nchi nzima. Kitambaa cha kufutia mdomo kilikuwa na jina la wakubwa na jina la wengine. Choo pia. Waliojitahidi kutumia neno lililoonekana la kistaarabu mara nyingi ndio waliogunduliwa kuwa wametoka chini, kwa sababu wakubwa walisema neno la kawaida tu.

Mtoto hafundishwi maneno haya darasani. Huyaokota mezani kwa wazazi wake, na akifika mahali wanapozungumza tofauti ndipo anagundua kwamba ya kwao yana alama.

Wengi hujiita wafanyakazi

Mtu angetarajia kila mmoja akimbilie tabaka la juu. Sivyo ilivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa mitazamo ya Waingereza uliotolewa 2016, asilimia 60 walijiita watu wa tabaka la wafanyakazi. Hata miongoni mwa wenye kazi za kitaalamu na umeneja, asilimia 47 walijiita hivyo.

Mwaka 2021 Sam Friedman na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahojiano na watu wa kazi za kitaalamu. Baadhi walikuwa wamelelewa na wazazi wenye vyeo, lakini walipoulizwa asili yao walirudi nyuma hadi kwa babu aliyekuwa kibarua au mchimba migodi. Kwa watafiti, hadithi ya babu ilikuwa na kazi yake: inamfanya msimulizi aonekane amepanda kwa jasho lake, na inaficha msaada alioupata njiani.

Lakini kuna fahari ya kweli pia. Keir Starmer, aliyeshinda uchaguzi wa Julai 2024 na kuwa waziri mkuu, alirudia mara nyingi katika kampeni kwamba baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa kiwandani, hadi baadhi ya watazamaji wakacheka. Alieleza kwamba baba yake alijihisi kudharauliwa kwa sababu ya kazi hiyo. Mtoto alikuwa ameshakuwa wakili mkubwa mwenye cheo cha "Sir", na bado dharau aliyotendewa mzee wake ilikuwa haijamtoka.

Shule na benki ya mama na baba

Palipo na uzito zaidi ni shule. Takriban asilimia 7 ya Waingereza wamesoma shule binafsi. Lakini ripoti ya 2019 ya tume ile ya serikali na taasisi ya Sutton Trust ilionyesha kuwa asilimia 65 ya majaji wa ngazi za juu walisoma huko, na asilimia 44 ya waandishi wa safu za magazeti. Eton, shule ya wavulana iliyoanzishwa 1440, peke yake imetoa mawaziri wakuu 20.

Shule za serikali ni bure, lakini hata huko mzazi mwenye uwezo hupata njia. Shule nyingi hutoa nafasi kwanza kwa watoto wanaokaa karibu, hivyo nyumba za jirani na shule nzuri huwa ghali. Sehemu chache bado zina mtihani wa kuchuja watoto wa miaka 11, na wenye pesa huwalipia wao masomo ya ziada mapema.

Baada ya chuo kuna msaada mwingine. Kijana ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia kodi ya chumba London atavumilia miezi kadhaa ya kazi ya mshahara mdogo ili ajulikane. Wa pili atachukua kazi yoyote inayolipa wiki hiyo. Waingereza huuita msaada huo benki ya mama na baba.

Ndiyo maana hata waliopanda hawafiki sawa. Friedman na mwenzake Daniel Laurison walionyesha katika kitabu chao cha 2019 kwamba, katika kazi za juu, wenye asili ya tabaka la wafanyakazi hulipwa takriban asilimia 16 pungufu kuliko wenzao waliozaliwa katika familia za wataalamu.

Sahani ya chakula

Wapenzi wa soka wanamjua Marcus Rashford kwa mabao. Wazazi wengi Uingereza wanamjua kwa chakula. Juni 2020, wakati wa janga la Uviko-19, aliwaandikia wabunge barua ya wazi akieleza alivyolelewa Manchester na mama aliyefanya kazi kutwa kwa kima cha chini cha mshahara, lakini pesa haikutosha. Aliomba watoto wanaokula bure shuleni wasiachwe na njaa wakati wa likizo ndefu.

Siku iliyofuata serikali ilibadili msimamo. Watoto takriban milioni 1.3 wa England wakapata haki ya vocha za pauni 15 kwa wiki.

Barua ile iligusa jambo ambalo familia nyingi hulificha. Mtoto anayekula bure shuleni anaweza kuona haya, na mzazi anaweza kuona haya zaidi. Rashford, milionea na mchezaji wa timu ya taifa, alisema hadharani kwamba naye alikuwa mmoja wao.

Mtoto anapompita mzazi

Kuna gharama ambayo haimo kwenye takwimu. Richard Hoggart, yatima aliyelelewa na bibi yake katika mtaa wa wafanyakazi mjini Leeds, aliieleza katika kitabu chake cha 1957, The Uses of Literacy. Alimwandika mtoto wa familia ya kawaida anayefaulu kwenda shule ya wateule. Jioni anajibana mezani na madaftari yake huku wengine wakizungumza na redio ikilia. Kadiri anavyosonga mbele masomoni, ndivyo anavyokuwa mgeni nyumbani. Na huko anakokwenda pia si mwenyeji.

Wazazi wa Kiswahili waishio Uingereza wanayaelewa haya kwa namna yao. Aliyekuwa mwalimu Mombasa au karani Dar es Salaam hujikuta Leicester akihudumia wazee kwa zamu za usiku. Nyumbani ndugu humwona mtu wa Ulaya, mambo safi, na maombi ya ada hayakomi. Kule, kwenye fomu ya mwanawe, atahesabiwa kwa ile kazi ya zamu. Fomu haina nafasi ya kuandika kwamba baba alikuwa akisahihisha madaftari kabla hajapanda ndege.

Hapo mzazi ana chaguo, awe Leicester au Leeds. Anaweza kumficha mtoto kazi yake, amwambie tu soma usije ukawa kama mimi. Wengi husema hivyo kwa upendo. Lakini mtoto husikia pia kwamba kuwa kama mama ni aibu, na siku akifika juu atakuwa na sababu ya kutomleta mama huko.

Au anaweza kumweleza. Usiku wa jana kulikuwa na mzee aliyekataa kula, nikamtuliza hivi. Lori likikwama kwenye theluji hufanywa hivi. Nilipoanza sikujua Kiingereza cha wodini, nilijifunza kwa kuuliza. Maelezo ya namna hiyo hayapunguzi ada za shule wala hayafuti ile asilimia 16. Yanampa mtoto tu jambo la kusema kuhusu kwao bila kuinamisha kichwa.

Mtoto wa miaka 14 anayekula chakula cha jioni leo, kiitwe "tea" au "dinner", siku moja ataletewa ile fomu. Ataandika kazi ya mzazi wake kwenye mstari mmoja. Ataiandika kwa mkono mwepesi au mzito kulingana na alivyoizoea kuisikia mezani.