KANISA LA MTAKATIFU PETRO: MIAKA 120 YA JASHO NA USANII

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Roma na kusimama katika uwanja wa Mtakatifu Petro, utaona katikati yake nguzo ndefu ya jiwe moja, yenye kimo cha mita 25 hivi. Nguzo hiyo ilichongwa hapa Afrika, katika nchi ya Misri, ikavushwa bahari kwa merikebu katika karne ya kwanza. Mwaka 1586 wanaume wapatao 900 waliivuta kwa kamba na farasi wakaisimamisha hapo ilipo. Nyuma yake ndipo linapoinuka kanisa ambalo ujenzi wake ulikula miaka 120.

FEDHA ZILITOKA WAPI?

Mahali hapo palikuwa na kanisa la kale, lililojengwa katika karne ya nne juu ya mahali panapoaminiwa kuwa kaburi la Mtume Petro. Baada ya miaka zaidi ya elfu moja kuta zake zilikuwa zimechakaa. Papa Julius wa Pili akaamua libomolewe, na tarehe 18 Aprili, 1506, akaweka jiwe la msingi la kanisa jipya, lililobuniwa na Bramante.

Lakini kazi kubwa hudai fedha nyingi. Papa Leo wa Kumi, aliyemfuata Julius, aliruhusu waumini wapewe vyeti vya rehema kwa kutoa sadaka ya ujenzi. Huko Ujerumani jambo hilo liligeuka biashara, na mwaka 1517 mtawa mmoja, Martin Luther, alilipinga waziwazi. Hivyo jengo lililokusudiwa kuwa alama ya umoja likawa mojawapo ya sababu za Wakristo kugawanyika.

MZEE ALIYEKATAA MSHAHARA

Wabunifu walikufa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeshika nafasi aliibadili ramani ya mwenzake. Mwaka 1547 kazi ikakabidhiwa kwa Michelangelo, mzee wa miaka 71. Alikataa mshahara, akaifanya kazi hiyo kwa miaka 17 mpaka kufa kwake mwaka 1564. Kuba aliyoibuni hakuiona. Ilikamilishwa mwaka 1590 na Giacomo della Porta. Na kutoka sakafuni hadi ncha ya msalaba ulio juu yake ni mita 136 hivi. Kanisa lenyewe lilitabarukiwa tarehe 18 Novemba, 1626.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miaka ya 1740 kuba hiyo ilikutwa na nyufa. Wataalamu wa hesabu waliitwa kuzichunguza, na mafundi wakaifunga kuba kwa mapete makubwa ya chuma. Imesimama hata leo.

MACHO YATAKAYODANGANYIKA

Ingia ndani, nawe utadhani kanisa si kubwa sana, kwa kuwa kila kitu kimepimwa kikalingana na kingine. Lakini sogea karibu na sanamu za malaika watoto wanaoshika bakuli za maji ya baraka: utaona wamekuzidi kimo! Zile unazozidhania picha za rangi juu ya altare, karibu zote zimepangwa kwa vijiwe vidogo vidogo, ili zisiharibiwe na unyevunyevu.

Upande wa kulia yupo Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa. Kazi ya marumaru ambayo Michelangelo aliichonga akiwa hajatimiza miaka 25. Mwaka 1972 mtu mmoja aliivamia kwa nyundo, akavunja mkono na pua ya Bikira. Mafundi waliunga vipande kwa subira kubwa, na sasa sanamu hiyo inalindwa kwa kioo.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu humo. Tarehe 18 Oktoba, 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu ndani ya kanisa hilo.

Majina ya mapapa na wabunifu yameandikwa vitabuni. Ya wale waliobeba mawe, wakachanganya chokaa na kuvuta kamba, wengi wao hatuyajui. Lakini pasipo mikono yao ramani zingebaki karatasi. Na yule mzee aliyejenga kwa miaka 17 kuba ambayo macho yake hayangeiona, anatuachia swali la kuwauliza watoto wetu jioni ya leo: ni kazi gani tunayoianza sasa, ambayo matunda yake watayala wengine?