Shule Mpya Ikifunguliwa, Nani Huhama?

Katika likizo ya Desemba 2024 nilifika nyumbani nikamkuta baba ameketi barazani na karatasi mkononi. Hakuniuliza habari za masomo kama ilivyo desturi yake. Alinipa ile karatasi akasema, "Soma hapa." Ilikuwa orodha ya watoto waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, na jina la mdogo wangu wa kike lilikuwamo. Nikaanza kushangilia. Kumbe baba alitaka nisome jina la shule. Mdogo wangu hakupangwa katika sekondari ya kata jirani, ambako watoto wa kitongoji chetu wamesoma tangu nipate akili. Alipangwa katika sekondari mpya ya kata yetu wenyewe, ambayo mabati yake yalikuwa bado yanang'aa.

Huenda msomaji akasema, sasa la kusikitisha ni lipi? Kata imepata shule yake, na watu washukuru. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini kitongoji chetu kiko pembeni kabisa mwa kata. Niliazima saa ya mjomba nikatembea njia zote mbili kwa mwendo wa kawaida. Kwenda shule ya zamani nilitumia dakika 38. Kwenda shule mpya nilitumia saa moja na dakika 52, na katikati kuna mto ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, lakini Machi hata ng'ombe huuogopa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza walimu, wazee na afisa mmoja mpole jinsi mambo haya yanavyoamuliwa, nami naona yafaa niwaeleze wenzangu, kwa kuwa sisi tunaolala bwenini hayatufiki.

Hayatufiki kwa sababu shule yetu hii haina mpaka. Kitanda cha kulia kwangu analala mwenzetu wa Kigoma, na cha kushoto mwenzetu wa Meatu. Sote tuliletwa hapa mwaka 2023 na alama za mtihani wa Darasa la Saba. Zamani sekondari zilikuwa hivi. Mwalimu Julius Nyerere alitoka Butiama akaenda kusoma Tabora mwaka 1937, maana shule za aina ile zilihesabika kwa vidole. Shule ikiwa moja kwa nchi kubwa, hakuna mtu anayeuliza mpaka wake unapita wapi. Swali hilo huja shule zikiwa nyingi.

Nazo zimekuwa nyingi kwa haraka. Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, na katika miaka iliyofuata kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake. Mwaka 2005 nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,745, za serikali na za watu binafsi. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Kisha Januari 2016 ada ikafutwa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, ile ya shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, na madarasa yakafurika. Ndipo ukaja mradi uitwao SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020, ukakusudiwa kujenga sekondari mpya zaidi ya elfu moja, nyingi katika kata zisizo na shule au zenye shule iliyojaa mno.

Sasa tazama linalotokea. Watu wengi hudhani kuwa mtoto hupangiwa shule kwa kuangalia nyumba ya wazazi wake iko wapi. Sivyo. Katika shule za kutwa, jambo kubwa linaloangaliwa ni shule ya msingi aliyomaliza. Watoto wote wa shule fulani ya msingi, isipokuwa wachache wanaochukuliwa na shule za bweni, hupelekwa katika sekondari moja, na kwa kawaida ni sekondari ya kata ile. Kwa hiyo mpaka wa sekondari si mstari uliochorwa chini. Ni orodha ya shule za msingi. Shule mpya ikifunguliwa, mtu mmoja ofisini hukata majina mawili au matatu ya shule za msingi katika orodha ya sekondari ya zamani, akayaandika katika orodha ya ile mpya. Kazi ya kalamu haizidi dakika tano. Lakini watoto mia moja na zaidi wamekwisha badilishiwa njia.

Wazazi wengine wameugundua mtindo huu, nao hufanya ujanja. Mtoto akiingia Darasa la Sita humhamishia kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, amalizie shule ya msingi ya kule, ili apangwe sekondari wanayoitaka. Sisemi ni vyema. Nasema tu kwamba mtu hafanyi taabu hiyo ikiwa orodha imeandikwa sawasawa.

Neno la pili ni madarasa yapi yahame. Mara nyingi shule mpya huanza na Kidato cha Kwanza peke yake, kisha huongeza kidato kimoja kila mwaka. Hii ni njia ya upole, kwa sababu aliyekwisha anza mahali amalizie pale pale. Lakini ina gharama zake. Shule ya zamani haipati nafuu mara moja, maana walioijaza ni vidato vya juu. Na nyumba yenye watoto wawili hujikuta ina watoto katika shule mbili: sare za rangi mbili, mikutano miwili, na madebe ya mahindi na maharage ya chakula cha mchana yanayokwenda pande mbili. Mzazi wa kijijini halioni jambo hilo kuwa dogo.

Wengine husema basi wahamishwe wote kwa siku moja. Hapo mimi nakataa, nami nitaeleza. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ana Mtihani wa Upimaji, na wa Kidato cha Nne ana mtihani wa Taifa. Majina yao hupelekwa Baraza la Mitihani kwa namba ya shule yao. Shule changa haina budi kwanza isajiliwe na Wizara ya Elimu, kisha ikubaliwe kuwa kituo cha mitihani. Zaidi ya hayo, aliyefika Kidato cha Tatu amekwisha chagua masomo. Ukimhamisha mwanafunzi wa kemia ukampeleka mahali ambapo maabara bado ni kuta bila meza, umemfukuza katika kemia, hata kama karatasi inasema amehama tu. Kwa maoni yangu Kidato cha Pili ahame kwa hiari yake na ya wazazi wake, na vidato vya juu vyake visiguswe.

Liko jambo jingine ambalo wakubwa hawalisemi mkutanoni. Fedha za elimu bila ada hupelekwa shuleni kwa hesabu ya wanafunzi. Kwa hiyo mwanafunzi akihama, fedha yake humfuata, na hesabu ya walimu wanaotakiwa nayo hubadilika. Ndiyo sababu mkuu wa shule iliyojaa hulia mwaka mzima kuwa amezidiwa, lakini ukitaka kumpunguzia vijiji viwili huanza kuvitetea. Simlaumu, chaki hainunuliwi kwa maneno.

Katika ukanda wetu huu wa dhahabu hesabu hizo ni ngumu kuliko mahali pengi. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, kwa kumegwa Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mtoto wa Bukombe alilala ni wa Shinyanga, akaamka ni wa Geita, na nyumba yao haikusogea hata hatua. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huo na watu 1,739,530. Ile ya mwaka 2022 iliukuta na watu 2,977,608. Shinyanga nayo ilitoka 1,534,808 ikafika 2,241,299. Hayumkini ongezeko la namna hiyo kuwa la watoto wanaozaliwa tu. Watu wanahamia. Dhahabu ikisikika Nyarugusu au Lwamgasa, katika muda wa majuma machache panaota vibanda vya turubai, mama ntilie, makarasha ya kusagia mawe, na watoto. Watoto hao huandikishwa shule ya msingi iliyo karibu. Dhahabu ikipungua, vibanda hung'olewa, na madawati hubaki matupu. Hata migodi mikubwa ina mwisho: Buzwagi karibu na Kahama ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukasimama mwaka 2021. Anayeandika orodha ya shule kwa hesabu ya mwaka jana ni kama mtu anayemshonea kaptura mtoto anayekua bila kumpima tena.

Nilimsikia mzee mmoja katika mkutano wa kijiji akisimama kwa fimbo yake. Alisema, "Ndugu Mwenyekiti, mawe ya msingi wa shule ile ya zamani niliyabeba kwa mkokoteni wangu wa ng'ombe, safari kumi na nne. Leo mjukuu wangu anaambiwa si ya kwake." Watu walinyamaza. Shule nyingi za MMES zilijengwa hivyo, kwa nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji ya kuchotwa kwa ndoo. Afisa alimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, shule ni ya Serikali, wala si ya kijiji kimoja." Jibu lilikuwa la kweli. Lakini sikuona uso wa mzee ukibadilika.

Katika nchi nyingine ugomvi huu ni mkubwa zaidi. Marekani mpaka wa shule ni mstari wa kweli uliochorwa katika ramani mtaa kwa mtaa, na shule mpya ikikaribia kufunguliwa watu hujaza kumbi usiku wakibishana juu ya upande gani wa barabara uende wapi. Huko mstari ulitumika pia kuwatenga watoto weusi na weupe, hata baada ya Mahakama Kuu ya nchi ile kuamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga ni kinyume cha sheria. Sisi hatuna ugomvi wa rangi katika orodha zetu, tushukuru. Lakini lipo jambo lao moja ambalo ningependa tuliige: ramani hubandikwa ukutani kabla ya uamuzi, kila mtu akaiona nyumba yake. Sisi hupata habari jina la mtoto likiisha andikwa.

Na kama ramani ingebandikwa kwetu, nadhani mambo matatu yangeonekana upesi hata kwa asiyejua kusoma. Kata iliwekwa kwa ajili ya utawala na kuchagua diwani. Haikuwekwa kwa ajili ya miguu ya mtoto. Mto haujui kata. Na shule mpya hujengwa mahali palipopatikana kiwanja cha kutosha, ambapo mara nyingi si katikati ya watu. Wazee wetu waliweka mipaka ya ngitili zao kwa kufuata mkondo wa maji na kilima, na ng'ombe hawakupotea. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kalamu, ningeandika orodha kwa vitongoji badala ya shule za msingi nzima nzima, na kitongoji kilichokatwa na mto ningekiacha kilipo, hata kama kiko katika kata nyingine.

Haraka inahitajika. Kwa mitaala mipya iliyoanza Januari 2024, elimu ya msingi ni ya miaka 6. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwaka ule watamaliza la Sita mwaka 2027, na waliokuwa mbele yao watamaliza la Saba mwaka huo huo. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Kila orodha nchini itabidi iandikwe upya.

Turudi kwa mdogo wangu. Baba aliandika barua ya uhamisho. Ilitakiwa ipite kwa mkuu wa shule mpya, ikubaliwe na mkuu wa shule ya zamani kuwa nafasi ipo, kisha ipate idhini ya Afisa Elimu. Jibu lilikuja kwamba nafasi haipo. Basi akaanza shule mpya Januari 2025, na mvua zilipozidi alihamia kwa shangazi yetu ng'ambo ya mto, akawa anarudi nyumbani maji yakipungua. Mwaka huu yuko Kidato cha Pili, na kitongoji kimeomba tena, mara hii kwa pamoja. Nami nimewachorea ramani yenye zile dakika zangu za saa ya mjomba, nayo imepelekwa kwa diwani.

Nilipomwambia habari hiyo kwa furaha, alinishangaza. Alisema hataki kurudi shule ya zamani hata barua ikikubaliwa. Kule, wenzake wamemwambia, darasani wako tisini. Kwao wako arobaini na wawili, na mwalimu wa hisabati anamjua kwa jina lake. Anachotaka yeye ni daraja.